Mdhamini wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi nakutumia, zikukute umekaa kwenye cherehani yako, pini mdomoni na futi shingoni, kama ninavyokuona kila nikifumba macho. Mimi sijambo. Nakula, natembea, na usingizi unakuja ingawa siku hizi ni wa kubembelezwa. Natumaini nawe hujambo, na ule mkono uliokuwa unakufa ganzi umepoa. Habari za Mama sikuulizi. Usidhani nimekosa adabu. Nilizungumza naye mwenyewe, nikamsikia kwa masikio yangu kwamba ni mzima, na kwa nini uzima wake ulinikalisha chini kwenye sakafu ya ofisi za watu utalisoma humu kwa utaratibu.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Simu zangu hupokei, dada. Mara uko kwa mteja, mara chaji imekwisha, mara Mama ananiambia umetoka sasa hivi na nyuma yake nasikia cherehani inakwenda mbio. Basi nikaona niandike. Barua huwezi kuikata katikati, na mimi nikiandika angalau nafika mwisho wa jambo. Unanijua, mdomo wangu mwepesi lakini machozi ni mepesi zaidi.

Nianze na wasifu, kwa sababu yote yalianzia hapo. Unakumbuka nilikueleza kwamba kile kikundi kikubwa cha maigizo, kile chenye ukumbi wake na viti vya kukunja, kilikuwa kinatafuta mwanamke wa kusafiri nacho msimu mzima. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwenye nyumba, mama mmoja mchoyo anayejua siri za wapangaji wake wote, na yuko jukwaani tangu pazia linafunguliwa mpaka linafungwa. Tangu nimekuja huku nimecheza na kikundi chetu kidogo, tunafanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya fundi wa matairi, na kila tukifika mahali pa huzuni mtu anajaza upepo kwenye gurudumu. Nilikuwa nimechoka, dada. Nilitaka mara moja tu kusimama mahali ambapo watu wamekuja kunitazama mimi.

Walitaka wasifu. Nikaenda kwa yule mama mchapaji wa kwenye duka la kutolea kopi, ambaye amewaandikia watu wote wa mtaa huu, madereva, walinzi na wauguzi. Akaniuliza hali ya ndoa, matokeo ya shule, na kama nina leseni. Mwisho akabandika mwenyewe, bila kuniuliza, kwamba mimi ni mtu wa kujituma na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nikatoka na karatasi yangu nimeibeba kwa mikono miwili. Nilipomwonyesha Babu Pazia, yule mzee wetu anayevuta pazia na ambaye zamani alikuwa mwigizaji wa kuimbwa, alicheka mpaka akakohoa. Akasema karatasi hiyo inaomba kazi ya kulinda benki.

Ndiye aliyenifundisha. Kumbe wasifu wa mwigizaji ni ukurasa mmoja tu, haupiti hapo hata kama umecheza tangu tumboni. Unaukata uwe sawa na picha yako, kisha unaubandika nyuma ya picha, ili mtu akigeuza uso akutane na kazi. Picha yenyewe uwe hujajipodoa, nywele zionekane zilivyo, maana wakikuita wanataka aje yule yule waliyemwona. Habari za mume na dini hazimhusu mtu. Unaandika urefu wako na sauti yako ikoje, halafu igizo, ulicheza nani, nani aliongoza na wapi. Chini yake mafunzo, na chini kabisa vitu vya ziada unavyoweza kufanya.

Hapo kwenye igizo na nani ndipo nilipotoka jasho. Nimecheza umati mara nyingi mno, dada. Nimekuwa mtu kwenye foleni, mtu kwenye msiba, jirani anayechungulia. Kuna igizo moja nilikuwa mlango. Mtu akinifungua nalia kwii. Mwenzangu wa chumbani, anayepodoa maharusi na waigizaji, alinishauri niandike kwamba katika igizo lile nilikuwa mhusika mkuu msaidizi, eti bila mlango wasingeingia. Tulicheka sana, lakini nikakataa. Nilijiambia kwamba nitaandika kweli tupu, na kama kweli yangu ni mlango basi niwe mlango. Nikaandika hivyo hivyo, na nilijisikia msafi.

Kwenye mafunzo sikuwa na chuo. Nikaandika: Dada yangu, uani kwetu, utoto wote. Babu Pazia aliusoma mstari huo, nikadhani ataniambia niufute, akasema niuache. Kwenye vitu vya ziada nikaandika kuendesha baiskeli, kupiga mluzi kwa vidole, kuiga sauti za wazee, na kulia kwa jicho moja.

Nakumbuka ulivyonifundisha hilo la jicho. Tumekaa kwenye ndoo mbili tumezigeuza, umenishika kidevu, unaniambia nisimfikirie mtu aliyekufa kwa sababu hiyo inaleta machozi ya pande zote. Nifikirie mtu anayeondoka huku anatabasamu. Wewe ulikuwa unaweza la kulia na la kushoto kwa zamu. Shule nzima walikuwa wanakuja kukutazama, na yule mwalimu wa maigizo alikuja nyumbani kumwomba Mama akuruhusu ujiunge na kikundi cha kusafiri. Wakati huo Baba alikuwa ameshaondoka na mimi nilikuwa bado nakojoa kitandani. Ulimjibu mwalimu mwenyewe kabla Mama hajafungua mdomo. Ukasema una kazi hapa. Sijasahau, dada, na wala katika barua hii sitajifanya nimesahau.

Sasa kuna jambo la wadhamini. Kile kikundi kinataka watu wawili wa kuulizwa habari zako. Wa kwanza awe mtu wa jukwaani, nikamweka Babu Pazia. Wa pili awe mtu anayekujua nje ya jukwaa, aliyekuona ukiwa na njaa na ukiwa na hasira. Mwongozaji wao hataki barua za sifa, anasema barua kila mtu anaweza kuzipamba. Anapiga simu yeye mwenyewe, na anaamini kwamba sauti ya mtu haijui kudanganya. Kazi yake yote ameijenga juu ya imani hiyo. Nikakuweka wewe. Sikufikiria hata kidogo, kalamu ilikwenda yenyewe.

Waliniita kwenye usaili. Huyo mwongozaji ni baba mnene mwenye sauti ndogo, anakaa safu ya mwisho kabisa, hakai mbele, kwa sababu anasema watu wa viti vya nyuma nao wameacha shughuli zao. Nikafanya kipande changu. Akageuza picha, akasoma, akatabasamu penye mlango. Kisha akaniomba nilie kwa jicho moja. Nikamwambia achague, akachagua la kushoto, chozi likaja. Waliokuwepo walipiga makofi. Akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia ni dada yangu, yule aliyeandikwa hapo chini, na sasa anashona nguo nyumbani kwetu. Akaitazama ile karatasi tena, akanishukuru, na nikitoka karani wake akaninong'oneza kwamba zimebaki simu tu.

Nilikupigia siku ile ile. Nilikuambia yote kwa sababu sijawahi kukuambia nusu ya kitu. Nilikuambia kwamba atapiga, na kwamba ana swali moja analolijali kuliko mengine: huyu mtu akisema atakuja, huwa anakuja, na akija, anabaki? Nilikueleza kwa nini. Msimu uliopita mwigizaji wao mmoja aliwaacha katikati ya safari akaenda kuuguza, wakafunga maonyesho, na tangu hapo mwongozaji anaogopa hilo jambo kama mtu aliyeungua anavyoogopa jiko. Nikakuelekeza hata namna ya kumjibu, mimi nikikuelekeza wewe. Ulicheka. Ukasema, "Chiriku, usiwe na wasiwasi. Niachie mimi."

Niachie mimi. Ulisema hivyo nilipovunja kioo cha jirani. Ulisema hivyo nilipokosa sare, na asubuhi sare ikawa juu ya kiti. Kila uliposema niachie mimi, niliacha, na sikuwahi kugeuka nyuma kuangalia. Hata siku ile nilikata simu nikaenda kuoga huku naimba.

Siku waliyosema tuende kupata majibu nilivaa lile gauni la kijani ulilonishonea. Mlinzi wa getini, ambaye huwa ananitania, alinitazama akavua kofia na kuniambia pole. Nikamjibu asante, nikidhani ananipa pole ya jua. Kwenye korido nikakutana na fundi wao wa taa, naye akanipa pole, akanigusa bega. Nikafika kwa karani, akasimama, akaja upande wangu wa meza, akanishika mikono yote miwili na kuniambia pole sana kwa Mama, Mungu ampe nguvu, na nyinyi awape subira.

Dada, sijui nikueleze vipi. Nikajikuta nimekaa kwenye sakafu na gauni lako, mgongo kwenye kabati la mafaili. Karani alikuwa anaendelea kusema, kwamba mwongozaji amesikitika, kwamba amesema nisisumbuliwe na mambo ya kazi wakati kama huu, kwamba nafasi ameshapewa mwingine ili mimi niwe na utulivu. Nilimsikia kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimeshamzika Mama. Nilikuwa nimeshamwona kwenye sanda, nikawa najiuliza mbona hamkuniambia, na nauli nitaipata wapi.

Nikapiga simu ya Mama. Vidole vilikosea, nikapiga tena. Ikapokelewa, na aliyepokea ni Mama mwenyewe, anatafuna kitu, analalamika kwamba jirani amefungua redio tangu alfajiri kama vile mtaa mzima ni viziwi. Nililia, akaniuliza nalia nini, nikashindwa kusema. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema goti, lile lile, likiona mawingu linaanza maneno yake. Kisha akasema amefurahi sana kusikia narudi nyumbani, na kwamba wewe umeshanitandikia kile kitanda cha dirishani na kumwambia mimi ndiye nitakayekaa naye sasa. Nikamwambia atakuwa amesikia vibaya. Mama akasema masikio yake hayana goti. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na furaha moja tu, kwamba anatafuna.

Nikainuka kwenye ile sakafu nacheka na kamasi zinanitoka, nikamwambia karani kwamba amechanganya watu, kwamba huyo aliyefikwa ni mwigizaji mwingine, Mama yangu mimi yu hai na anagombana na redio. Nikaona ni jambo dogo la kurekebisha. Karani hakucheka. Akaenda kumwita mwongozaji, na mwongozaji akatoka, akanikalisha kwenye kiti, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba hana haja ya mimi kuficha, kwamba si aibu kuwa na mgonjwa. Nikamwambia sifichi. Nikamuuliza nani amemwambia Mama anaumwa.

Akasema ni wewe.

Akanieleza simu ilivyokwenda, na kwa kuwa ni mtu wa jukwaa alikumbuka maneno yako jinsi ulivyoyapanga. Alikuuliza swali lake. Kisha ukamwambia, "Mdogo wangu hatawaambia, ana aibu. Mama hatuna siku nyingi naye. Akija kwenu atakuja, maana ameahidi, lakini siku ya siku ataondoka katikati na mtamlaumu. Msimlaumu. Na msimwambie kwamba mimi nimesema." Akasema uliposema la kutokulaumiwa sauti yako ilikatika, ukaomba radhi, akakusikia unavuta pumzi mbali na simu ili asisikie. Akasema yeye mwenyewe aliweka simu mezani akafuta macho. Siku ile ile akampa nafasi mwanamke mwingine, naye ameshaacha kazi yake na kutia sahihi.

Nilisema hapana. Nilisema hapana mara nyingi, dada, nikikutetea. Nilimwambia labda alipiga namba nyingine. Nilimwambia labda wewe ulidhani anauliza habari za Mama wa mtu mwingine. Nilimwambia dada yangu hajui kusema uongo, na hapo nikasikia nilichosema, kwa sababu mtu aliyenikalisha juu ya ndoo akanifundisha kulia kwa jicho moja anajua. Nikakumbuka kitanda cha dirishani. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekupa kila kitu ulichokihitaji, hofu ya huyu mwongozaji nilikueleza mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, nikiwa na furaha.

Umenisaliti, dada. Nimejaribu maneno mengine, nimeyaandika na kuyakata, hili ndilo lililobaki. Karatasi yangu yote ilikuwa ya kweli, hata mlango niliuandika. Uongo pekee uliokuwemo ni wewe.

Siku kadhaa nilikaa nikijaribu kukuelewa, na nadhani nimekuelewa, ndiyo maana inauma zaidi. Umechoka. Umemlea Mama, ulinilea mimi, na kila nikipiga simu nakusimulia habari za taa na makofi. Labda kila nilipokusimulia nilikuwa nakuchoma na sikujua. Lakini ungeniambia. Ungesema tu, mdogo wangu, zamu yako imefika, rudi nyumbani, na mimi nitoke kidogo nione dunia. Ningekasirika, ningekununia mwezi mzima, na labda ningerudi. Labda nisingerudi. Sasa hilo hatutalijua kamwe, kwa sababu hukuniuliza. Uliamua kunifungia mlango kisha unifungulie mwingine, nami nipite nikidhani nimechagua mwenyewe, na ukishanipokea pale kituoni ungenikumbatia na kunipa pole kwa kukosa kazi. Ungenipa pole, dada. Hilo ndilo linaloniamsha.

Na Mama umemfanyaje? Umemlaza kwenye kitanda cha kufa mtu aliyekuwa anatafuna na kugomba. Sikumwambia. Anadhani nililia kwa sababu ya mafua.

Sasa sikiliza lililobaki, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Siku ile ile, nikiwa bado kwenye kiti pale ofisini, mwongozaji alipoelewa kwamba Mama ni mzima, hakukasirika kama nilivyotegemea. Aliniomba radhi, akasema hana cha kunirudishia, hawezi kumnyang'anya yule mwanamke kazi kwa kosa ambalo si lake. Mimi nikaitikia. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayejizuia, "Huyo dada yako anaigiza wapi?"

Nikamwambia huigizi popote, unashona. Akatikisa kichwa. Akasema maisha yake yote amekaa safu ya mwisho akiwasikiliza watu wakilia, na hajawahi kudanganywa, na wewe umemdanganya kwa simu, bila uso, bila mikono, bila taa. Nilichukua picha yangu nikaenda nyumbani kwa miguu.

Na juzi amemtuma karani wake mpaka kwenye stoo yetu. Anaandaa igizo jipya, anatafuta mwanamke mtu mzima wa kusimama peke yake jukwaani, na amesema nikufikishie ujumbe: umtumie wasifu.

Nitakuambia ukweli. Nilitaka kukaa nao kimya. Ningeukalia tu, na usingejua mpaka siku ya mwisho, kama mimi nilivyokusudiwa nisijue. Mwenzangu wa chumbani aliniambia nifanye hivyo hivyo, na Babu Pazia aliendelea kukunja kamba zake akasema hilo ni langu na nafsi yangu. Nimeshindwa. Si kwa wema, usinisifu. Nimechoka tu kwamba katika nyumba yetu kila mtu anamwigizia mwenzake. Basi ujumbe wako ndio huo, nimeufikisha.

Ukiamua kuandika, andika ukurasa mmoja. Ukate sawa na picha na uubandike nyuma yake. Usipake kitu usoni, usiifiche mvi ile ya mbele. Usimpelekee mama mchapaji yeyote, atakuandika kwamba unajituma. Hutakuwa na mengi ya kuweka, igizo la shule na lile la siku ya wazazi ambapo ulicheza mfalme na taji la boksi. Usiongeze. Kwenye vitu vya ziada weka jicho la kulia na la kushoto.

Kuhusu kitanda cha dirishani, kikunje. Sirudi. Babu Pazia amenitafutia nafasi kwenye igizo letu, mimi ni jirani tena, ila safari hii nina maneno. Nitakuja kumwona Mama nikipata nafasi, nitalala sebuleni kama mgeni, na nitaondoka. Kama wewe unataka kuondoka, mwambie Mama hivyo kwa mdomo wako, tukae sote tupange nani atakuwa naye. Ukiniuliza nitakujibu. Niulize tu.

Na wadhamini. Wa kwanza tafuta yule mwalimu wako wa maigizo, nasikia bado yupo. Wa pili wanataka mtu anayekujua nje ya jukwaa, aliyekuona ukiwa na njaa na ukiwa na hasira. Huna mwingine, dada. Niandike mimi. Atapiga mwenyewe, atauliza swali lake lile lile, kama ukisema utakuja huwa unakuja, na ukija, unabaki. Simu nitaipokea, sitalia wala sitaigeuza sauti. Nitamwambia hajawahi kutokea mtu wa kuigiza kama wewe, na nitamwambia nimejuaje.

Nisalimie Mama sana. Mwambie goti alifunge kitambaa chenye joto na jirani amwachie redio yake. Wasalimie na wateja wako, hasa yule mama wa magauni yenye mikono mipana, asiye na shukrani. Barua hii ukimaliza usimwachie Mama aione, asije akaugua kweli.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi wako wa uani,

Chiriku